Waliokulia Leicester miaka ya 70 na 80, mnaukumbuka ukimya wa Julai?

#1 BintiBelgrave
Wadau, salaam. Nina swali limenikaa kichwani tangu nilipopita mtaa wetu wa zamani, nyuma ya Belgrave Road.

Nilizaliwa Jinja. Tulifika Leicester mwishoni mwa 1972, mimi nina miaka sita. Nyumba yetu ilikuwa katika ule mstari mrefu wa nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Mlango wa mbele unafungukia barabarani, choo kiko uani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kiwanda cha kufuma, orofa tatu, madirisha marefu. Mashine zilianza kabla hatujaamka. Ulizisikia miguuni kuliko masikioni, na vikombe kabatini vilikuwa vikigongana kidogo kidogo kutwa nzima. Baada ya mwezi tulikuwa hatuzisikii tena, kama mtu wa pwani asivyosikia mawimbi.

Halafu Julai inafika, asubuhi moja unaamka, kimya. Wiki mbili nzima. Unasikia njiwa, unasikia jirani akikohoa. Nyumba yetu yote ilikuwa kimya, na mimi mara ya kwanza nililia, nikidhani watu wameondoka tena usiku kama tulivyoondoka sisi.

Swali: kwa nini Leicester ilifunga viwanda wiki mbili za mwanzo wa Julai, wakati kwingine Uingereza watoto bado wako darasani? Hata shule zetu zilifunga mapema kufuata viwanda. Nimeuliza watu watatu nikapata majibu matatu.

#2 KijanaWaHighfields
Dada, umenirudisha mbali. Mimi wa Mombasa, tulifika 1969, nimekulia karibu na Spinney Hill Park.

Jibu ninalolijua mimi ni la boila, lile tangi la mvuke. Kiwanda huwezi kukisimamisha nusu. Boila lazima lipoe, lifunguliwe, likwanguliwe ndani, likaguliwe. Ukifunga wiki moja haitoshi, ukifunga mwezi unafilisika. Ndiyo zikawa wiki mbili, na kwa kuwa wote walitegemea mafundi walewale, wakafunga pamoja.

#3 KobuNaChai
Hapana mkuu, sababu ni vitanda. Leicester wakienda Skegness, mji wa pwani ya mashariki, Nottingham na Derby nao wanataka kwenda huko huko. Wote wakienda wiki moja watalala wapi? Kila mji ukapewa wiki zake ili wenye nyumba za wageni wapate riziki majira yote ya joto. Mama mwenye nyumba tuliyofikia Mablethorpe alikuwa anajua wiki hii ni ya mji gani kwa kusikia lafudhi tu.

#4 MkaaziWaBolton
Naomba kuchangia ingawa mimi si wa Leicester. Huku Lancashire jambo hilo lilikuwepo, na ni la zamani kuliko boila. Miji ya pamba ilikuwa na wiki za mapumziko zilizotokana na sikukuu ya kanisa la kila mji, sikukuu ya mtakatifu wake. Viwanda vilipokuja, wenye mali walikuta watu wanakesha na kunywa siku hizo na hawaji kazini, basi wakaona bora wafunge. Ndiyo maana kila mji wiki yake. Wa Bolton walikuwa wakienda pwani, Blackpool, na mji ukibaki mtupu kiasi kwamba hata duka la mkate la mtaani kwetu lilifungwa. Nadhani na ninyi asili yenu ni hiyo hiyo.

#5 MzeeWaSoar
Nawasalimu nyote. Nimesoma, nimeona niingie, kwa sababu wenzangu mnaongea kama watoto wa mtaani na mimi nilikuwa ndani.

Nilitoka Nairobi Februari 1968, siku chache kabla ya ile sheria ya Machi kutufungia mlango Waasia wenye pasi za Uingereza. Mwaka 1970, nikiwa na miaka 17, nikaingia kiwanda cha soksi. Kijana wa Highfields, hoja yako ya boila ni ya wakati wa babu yao. Nilipoingia mimi kila mashine ilikuwa na mota yake ya umeme. Boila lilibaki kwa ajili ya mvuke wa kutilia rangi na kunyoosha soksi kwenye vile vibao vyenye umbo la mguu.

Lakini kazi ya Julai ilikuwepo, hapo hujakosea. Nilibaki na mafundi wengine 1973 na 1975. Kazi kubwa ilikuwa vumbi la nyuzi. Lilikaa juu ya mabomba na taa kama theluji ya kijivu, na cheche moja ingetosha. Tulipanda ngazi tukalifagia, halafu tukafungua mashine moja moja, sindano zote nje, tunabadilisha zilizopinda. Mashine moja ya soksi ina mamia ya sindano, kila moja na kilimi chake kidogo cha kufunga uzi. Kilimi kimoja kikikwama, soksi nzima inashuka mstari.

Nionavyo mimi sababu ni oda. Mwanzo wa Julai bidhaa za joto zimekwisha kwenda madukani, na za baridi bado hazijapamba moto. Mwenye kiwanda anachagua wiki ambazo hasara ni ndogo. Mengine yote yakafuata hapo.

Na wewe Binti, jambo moja. Mlifika mwisho wa 1972. Ukimya wako wa kwanza, ulikuwa na baridi au joto? Maana Januari hadi Machi 1974 serikali ilivipa viwanda umeme siku tatu tu kwa wiki, kwa sababu ya mgogoro wa wachimba makaa. Watoto wengi wa rika lako wanachanganya ukimya ule na wa Julai.

#6 BintiBelgrave
Mzee, shikamoo. Umenishtua. Nakumbuka mishumaa. Nakumbuka tumekaa wote chumba kimoja tumezunguka hita ya mafuta ya taa, na mama amevaa sari, juu yake sweta mbili, juu yake koti la baba. Huo sasa naona ni wa 1974. Lakini nakumbuka pia madirisha wazi na njiwa, na huo hauwezi kuwa wa Januari. Basi ni ukimya miwili, nami nimeishi miaka hamsini nikiuhesabu mmoja.

#7 ChalinzeKwetu
Wakuu, mimi niko Dar, Leicester naijua kwa ubingwa wa 2016 tu. Nilidhani ni mji wa mpira. Kwani hivyo viwanda vilikuwa vinatengeneza nini hasa?

#8 KobuNaChai
Karibu Chalinze, kaa chini tukusimulie. Soksi, fulana, sweta, chupi, viatu, mashine za kutengenezea viatu, taipureta, pipi za mnanaa za Fox's, na krispi za viazi za Walkers, ambazo zilianza 1948 katika bucha, kwa sababu nyama ilikuwa bado ya mgao baada ya vita na wafanyakazi wa bucha wanahitaji kitu cha kufanya. Walikuwa na msemo kwamba Leicester inauvisha ulimwengu. Kiwanda kikubwa kuliko vyote vya nguo kilikuwa cha Corah, karibu na kanisa la St Margaret, na hao ndio waliowapa maduka ya Marks & Spencer lile jina la St Michael lililokuwa kwenye lebo.

#9 MkaaziWaBolton
Hapo rekebisha, Kobu. Jina la Corah lilikuwa St Margaret, kwa sababu ya hilo kanisa. St Michael lilisajiliwa na Marks & Spencer 1928, na Michael ni baba yake Simon Marks, mwanzilishi wa duka.

#10 KobuNaChai
Nakubali la Michael. Lakini kwa nini wamwite baba yao *mtakatifu*, na hali walikuwa Wayahudi? Walikuwa wanafanya biashara na Corah tayari, wakaiona lebo yenye mtakatifu, wakaipenda. Ndivyo walivyosema wazee waliofanya kazi pale. Wewe una jina, mimi nina sababu ya jina.

#11 BiZuhura
Hamjambo wanangu. Mimi wa Unguja, nilikuja kusomea uuguzi 1970, nikapangiwa Leicester bila kuijua. Sikukulia huko ila nilikulia kazini huko, mniruhusu.

Julai tuliijua kwa vidole. Mwaka mzima, idara ya majeruhi haipiti siku bila mwanamke ameingia na kidole kimefungwa kitambaa, sindano ya cherehani imepita katikati ya ukucha. Wengine wakitaka tuwatoe upesi warudi, kwa sababu walilipwa kwa kipande na kila dakika ni pesa. Zikifika zile wiki mbili, hakuna vidole. Ndipo nasi tuliweza kunywa chai ikiwa ya moto.

Mwaka wangu wa pili wenzangu wakanichukua Skegness kwa basi. Safari ya zaidi ya kilomita 100, wanaimba njia nzima. Nimekaa nimejipamba, naenda kuiona bahari, miezi mingapi sijaiona! Tumefika, bahari haipo. Imekupwa mpaka mwisho wa macho, mchanga wa rangi ya udongo, na upepo wa mashariki unaingia mpaka kwenye mifupa. Watu wamekaa kwenye viti vya turubai wamevaa makoti, wanakula chipsi, wamefurahi kabisa. Nilivua viatu nikatembea kuifuata. Nilipoyagusa maji nikalia, kwa baridi yake na kwa kuwa yalikuwa na chumvi ile ile.

Na wenyeji wa Skegness walikuwa na jina kwa watu wa Leicester: *Chisits*. Kwa sababu mtu wa Leicester akiuliza bei, *how much is it*, anameza maneno mpaka linatoka neno moja tu, *chisit*. Unasimama dukani, muuzaji anakwambia, aa, nyinyi ndio Chisits wa mwaka huu.

#12 KijanaWaHighfields
Bi Zuhura, shikamoo. Hilo la Chisits baba yangu alikuwa anajivunia! Alikuwa anasema, nimefukuzwa kwa majina mengi, hili la kwanza kupewa pamoja na Waingereza.

Mnakumbuka *jitty*? Kichochoro kati ya nyumba, ndimo tulimochezea kriketi, mapipa ya taka ndiyo wiketi. Na mtu kukupakia kwenye bomba la baiskeli, *croggy*. Na konda wa basi anamwita kila mtu *me duck*, hata bibi yangu aliyekuwa hajui neno la Kiingereza. Bibi aliuliza kwa nini yule bwana ananiita bata. Tulimwambia ni heshima. Kuanzia siku hiyo naye akawa anawaita wajukuu *bata wangu*, kwa Kiswahili.

#13 BintiBelgrave
Kwetu tulizungumza Kigujarati, lakini mpaka nilipokwenda sekondari sikujua kwamba fagio, sufuria, kisu, dudu na jugu si Kigujarati. Rafiki yangu aliyetoka India moja kwa moja alikuja kwetu, mama akamwambia alete fagio, akasimama tu. Mama akamwonea huruma, akadhani mtoto kiziwi.

Na mogo! Muhogo wa kukaanga na pilipili na ndimu, leo unauzwa kwenye mikahawa ya Belgrave kama chakula cha heshima. Zamani kuupata muhogo ilikuwa habari. Baba alikuwa akiuulizia sokoni Jumamosi, soko lile kubwa la katikati ya mji lililokuwa na paa, ambako familia ya Gary Lineker, yule mchezaji mpira, nao walikuwa na meza ya matunda.

#14 ChalinzeKwetu
Sasa swali la pembeni, mnisamehe. Mlitoka Uganda, Kenya, Zanzibar. Kwa nini wote Leicester? Si London?

#15 KobuNaChai
Tangazo! Amin alitangaza Agosti 1972 kwamba Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Septemba halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwataka Waasia wa Uganda wasije Leicester, kwamba nyumba zimejaa, shule zimejaa. Watu wengi Kampala walikuwa hawajawahi kulisikia hilo jina. Wakasema, kama wanatangaza mpaka huku basi huko ndiko kwenyewe.

#16 MzeeWaSoar
Hadithi hiyo inapendwa sana, na tangazo ni la kweli, nililiona. Lakini mimi nilikuwa hapa miaka minne kabla yake, na sikuwa peke yangu. Waliotoka Uganda walifuata ndugu. Baba hachukui watoto watano kwenda mji kwa sababu ya gazeti. Anakwenda kwa shemeji yake mwenye chumba cha juu.

#17 BiZuhura
Mzee, sema pia kazi za wanawake. Kwenye miji ya chuma na makaa kazi ni ya mwanamume. Leicester mke, shangazi na binti wa miaka 16 wote wanapata kazi juma moja. Nyumba yenye mishahara mitatu inanunua nyumba. Nimeziona familia zimefika na sanduku moja, na baada ya miaka minne wana nyumba yao, choo cha ndani na televisheni ya rangi.

#18 BintiBelgrave
Kwetu ilikuwa gazeti, Mzee. Naapa. Baba alilikata lile tangazo akalikunja kwenye pasipoti. Shemeji hatukuwa naye. Tulitoka Stradishall, kambi waliyopokelewa Waasia wa Uganda, tukiwa na anwani ya mtu ambaye baba alikutana naye kwenye foleni ya mablanketi.

#19 KijanaWaHighfields
Tusiufanye mji kuwa pepo lakini. Mimi nilikuwa na njia mbili za kurudi nyumbani, fupi na salama, na miaka mingi nilipita ile ndefu. Aprili 1979 National Front, chama cha wabaguzi wa rangi, walipoandamana mjini, mtaa wetu ulifunga maduka saa nne asubuhi, wanaume wakasimama milangoni. Nilikuwa na miaka 14. Nakumbuka zaidi kwamba majirani zetu wawili Wazungu, wazee wa kiwanda cha viatu, walileta viti vyao wakakaa mbele ya mlango wetu wakisoma gazeti. Hawakusema kitu. Jioni wakabeba viti vyao wakaenda.

Na ukitaka kujua kazi zilivyokuwa, tazama mgomo wa Imperial Typewriters, Mei 1974, pale East Park Road. Waasia, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, walitoka nje kwa sababu ya bonasi na upendeleo. Karibu wiki 14. Chama chao cha wafanyakazi hakikuwaunga mkono. Nilikuwa na miaka tisa, nikipita pale nawaona mama zetu wamevaa sari na koti, wamesimama getini wanapiga kelele. Sikuwahi kuona mama wa mtu akipiga kelele barabarani.

#20 MkaaziWaBolton
Na baadaye kiwanda kikafungwa?

#21 KijanaWaHighfields
1975. Kuna wanaosema ni kwa sababu ya mgomo. Kuna wanaosema wenyewe Wamarekani, Litton, walikuwa wameshaamua, kwa kuwa taipureta za nje zilikuwa za bei nafuu. Nyumbani kwetu hoja hiyo iligawa meza. Baba upande mmoja, shangazi mwingine, mpaka shangazi anafariki.

#22 MzeeWaSoar
Vyote vilikuja kufungwa. Soksi na sweta zilianza kuondoka miaka ya 80, Corah nayo haikuivuka miaka ya 90. Mimi nilipunguzwa 1982. Kitu walichokiona wachache: zile wiki mbili zilikufa kabla ya viwanda. Mwisho mwisho nyapara alikuwa anakuja kuuliza nani atabaki Julai, oda imechelewa. Watu wakabaki. Mwaka wa kwanza nusu, wa pili karibu wote. Mtu aliyefunga wiki mbili zake anaonekana hapendi kazi.

#23 KobuNaChai
Kwa hiyo Mzee, kama sababu ilikuwa oda kuwa chache Julai, ilikuwaje tena oda ikachelewa Julai? Narudi kwenye vitanda vyangu. Watu walipoanza kwenda Hispania kwa ndege, Skegness haikuwa na haja ya zamu tena, na viwanda vikakosa sababu ya kufunga pamoja.

#24 MzeeWaSoar
Kwa sababu maduka makubwa yalibadilika, mwanangu. Zamani oda ni ya miezi sita. Baadaye wanapiga simu Jumatatu wanataka Ijumaa.

#25 MkaaziWaBolton
Bado hamjanijibu la kanisa.

#26 BintiBelgrave
Ahsanteni wote. Jana nilikwenda kwa mama, ana miaka 84, nikamsomea uzi huu wote, maneno ya Kiingereza namtafsiria. Alicheka sana kwenye fagio. Alitikisa kichwa kwenye tangazo, akasema baba alikuwa nalo kweli, na akaongeza jambo nisilolijua: upande wa pili wa lile karatasi palikuwa na matangazo ya vifo, na mmoja wao alikuwa mtu wetu.

Nilipofika kwenye ukimya wa Julai akanitazama. Akasema, ukimya gani? Kiwanda kikifunga, Ijumaa ya mwisho mwenye karakana ndogo alikuwa anamletea mafurushi nyumbani, kwa sababu wao hawakufunga. Wiki zile mbili ndizo alizoshona kuliko zote, chumba cha mbele, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka tunapoamka, halafu tena tukilala. Chini ya cherehani alikunja blanketi mara nne, lile la kambini, ili sisi tusisikie.

Nimekaa nalo tangu jana. Blanketi nalikumbuka, la kijivu, lina tundu nne zilizochimbika sehemu za miguu ya meza. Tulikuwa tunaingiza vidole humo.

#27 BiZuhura
Mpe mikono mama, mwambie Zuhura wa Unguja anamsalimu. Muulize kama aliwahi kuja kwetu na kidole.

#28 BintiBelgrave
Aliwahi. Mara mbili, mkono wa kushoto.

#29 MzeeWaSoar
Muulize alikuwa anashona nini kwenye hayo mafurushi, kola au mikono? Bei ya kola ilikuwa juu kidogo, na mwenye karakana alikuwa haitoi kwa mtu asiyemwamini.